Sikio Kama Mhakiki: Kiswahili cha Programu za Ofisi na Msomaji Asiyeona wa Kinsevere

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili cha kompyuta umekuwa, kwa sehemu kubwa, uhakiki wa jicho. Istilahi inapopendekezwa, wahakiki huitazama ikiwa imeandikwa. Huuliza mzizi wake umetoka wapi, kama inaafikiana na sarufi, na kama wataalamu wa nchi jirani wataikubali. Ni nadra kuulizwa istilahi hiyo husikikaje inapotamkwa na mashine mbele ya mtu ambaye hana njia nyingine ya kuipata. Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo. Yanakitazama Kiswahili cha programu za ofisi, yaani programu za kuandikia barua, kupangia hesabu katika majedwali na kutayarishia taarifa, kwa upande wa msomaji asiyeona ambaye hutumia kisoma-skrini.

Kisoma-skrini ni programu inayochukua yaliyomo kwenye skrini na kuyatoa kwa sauti, au kwa nukta nundu kwenye kifaa maalumu. Haitazami skrini kama jicho linavyotazama. Huiuliza programu ya ofisi: mahali hapa pana nini, ni kitufe au ni andiko, jina lake ni lipi, kimebonyezwa au bado? Programu ya ofisi isipokuwa na jibu, kisoma-skrini hunyamaza, na kwa asiyeona kitu kisichotajwa ni kitu kisichokuwapo. Visoma-skrini si jambo geni. JAWS, iliyotungwa na Ted Henter wa Marekani, ilitoka mwaka 1989, wakati kompyuta zilipokuwa bado zikitumia mfumo wa DOS. Mwaka 2006 Michael Curran na James Teh wa Australia, ambao wenyewe hawaoni, walianzisha NVDA, ambayo hutolewa bila malipo.

Mahali palipochaguliwa kuwa kipimo cha mjadala huu ni Kinsevere, kaskazini mwa Lubumbashi, katika jimbo la Haut-Katanga. Uchaguzi huo una sababu. Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na nyumbani katika eneo hilo, ilhali ofisi huandika kwa Kifaransa. Aidha, Kinsevere ina mgodi wa shaba, unaomilikiwa na kampuni ya MMG tangu mwaka 2012, na mgodi wowote huzaa nyaraka: mikataba, ratiba, matangazo na majedwali ya fedha. Kwa hiyo mkazi wa Kinsevere asiyeona husimama kwenye njia panda ya lugha na maandishi. Kiswahili cha kompyuta kikimfaa yeye, kitamfaa karibu kila msomaji.

2.0 Vigezo vya waunda istilahi

Historia ya programu za ofisi kwa Kiswahili haina miaka mingi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi ambayo menyu zake zilitafsiriwa kwa Kiswahili. Mwaka huohuo kampuni ya Microsoft ilitangaza mpango wake wa kukiingiza Kiswahili katika programu zake. Kazi hizo zilijibu kwa vitendo hoja ya wale waliodai kuwa Kiswahili hakina maneno ya kompyuta. Maneno yalipatikana: mengine yaliazimwa, mengine yaliundwa kwa mizizi ya Kibantu, mengine yalikuwapo tangu zamani yakapewa maana mpya.

Kazi ya namna hiyo huongozwa na vigezo. Wanafunzi wa isimu ya Kiswahili wanavifahamu vile vilivyokusanywa na K. B. Kiingi wa Uganda chini ya jina la PEGITOSCA. Kwa mujibu wa vigezo hivyo, istilahi nzuri iwe sahihi, iwe na iktisadi, iweze kuzalisha nyingine, iwe na sura ya kimataifa, iwe angavu, isiwe na matusi, ifuate utaratibu, iwe thabiti na ikubalike. Orodha hii imewafaa wengi, na makala haya hayakusudii kuipuuza. Hata hivyo, katika vigezo vyote tisa hakuna kinachouliza moja kwa moja kama neno linaweza kutambuliwa kwa sikio peke yake. Huenda mtu akasema kwamba kigezo cha kukubalika kinaligusa jambo hilo. Kinaligusa kwa mbali tu, kwa kuwa neno linaweza kukubalika na watu wote wanaolisoma kwenye orodha iliyochapwa na bado likampotosha anayelisikia likitajwa haraka kati ya maneno kumi.

Tofauti ya jicho na sikio katika kazi ya ofisi ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Jicho hupokea menyu nzima kwa mara moja. Hata neno likiwa halieleweki vizuri, jicho husaidiwa na alama ya picha iliyo kando yake, na mahali lilipo, na rangi yake. Sikio hupokea neno moja, kisha la pili, kisha la tatu. Mtumiaji mzoefu wa kisoma-skrini huiongeza kasi ya sauti hadi kuupita kwa mbali mwendo wa mazungumzo ya kawaida, na mara asikiapo silabi ya kwanza au ya pili huamua kama abaki au aende mbele. Kwa mtu huyo mwanzo wa neno ndio mlango wake. Istilahi ambazo zote zina mlango mmoja humchosha, na istilahi za maana kinyume ambazo zinakaribiana mno kwa sauti humtia hatarini.

3.0 Funga na fungua

Mfano ulio wazi zaidi unatoka katika sarufi yenyewe ya Kiswahili. Lugha hii ina kauli ya kutendua, ambayo hugeuza maana ya kitenzi kwa kuongeza irabu moja: kunja na kunjua, ziba na zibua, panga na pangua, tenda na tendua. Waunda istilahi wameifurahia kauli hiyo, na kwa haki, maana ni ya asili na inazalisha. Neno tendua kwa amri ya kufuta kitendo kilichotangulia ni zao zuri la kauli hiyo. Lakini katika menyu ya programu ya ofisi, amri mbili zinazotumiwa pengine kuliko zote ni funga na fungua. Moja huondoa waraka mbele ya mwandishi, nyingine huuleta. Kwa jicho tofauti yake ni herufi moja, na jicho lina muda wa kuiona. Kwa sikio tofauti hiyo ni irabu moja inayopita upesi.

Katika mazungumzo ya watu Kiswahili kina kinga dhidi ya utata huo. Mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo katika funga mkazo huangukia fu, na katika fungua huhamia ngu. Msikilizaji hutambua neno kwa pigo la mkazo hata kabla ya kuhesabu irabu. Kwa hiyo sauti ya mashine inayofuata kanuni ya mkazo wa Kiswahili hulihifadhi pambanuo hili, na sauti isiyoifuata huliharibu. Sauti ya Kifaransa, ambayo huupeleka mkazo mwishoni mwa neno au fungu la maneno, humnyang'anya msikilizaji kile alichokitegemea.

Inafaa kutaja hapa kwamba katika Kiswahili cha Katanga husikika pia umbo fungula, lenye l ambayo Kiswahili sanifu kimeidondosha. Wahakiki wa jicho wanaweza kuliita kosa. Likipimwa kwa sikio, umbo hilo linapambanua vizuri zaidi kuliko lile sanifu, kwa kuwa linaweka konsonanti mahali ambapo sanifu ina mteremko wa irabu mbili. Hii haimaanishi kwamba menyu zote za Kiswahili ziandikwe fungula. Inamaanisha kwamba lahaja zinazodharauliwa zinaweza kuwa na jibu la tatizo ambalo wasanifishaji hawakujua kuwa wanalo.

Kuna jozi nyingine zenye tatizo la aina hiyo bila kuwa za kutendua: tuma na tumia, ondoa na ondoka, rudi na rudia. Kila moja inatosha peke yake. Zikikutana katika menyu moja, mtafsiri hana budi kuzitenganisha, ama kwa kuongeza neno, kama vile tuma barua, ama kwa kuchagua kitenzi kingine.

Tatizo la pili linahusu mwanzo wa maneno. Menyu za programu za Kifaransa huandika amri kwa umbo la kitenzi-jina, na mtafsiri wa Lubumbashi anayefuata Kifaransa anaweza kuvutwa kuandika kuhifadhi, kufungua, kunakili, kuchapisha. Kisarufi hakuna kosa. Lakini programu nyingi humruhusu mtumiaji kubonyeza herufi ya kwanza ya amri ili kuirukia. Amri zote zikianza na ku-, herufi K huziita zote na haichagui hata moja. Aidha, sikio hulazimika kuingoja silabi ya pili kila mara. Amri ikiandikwa kwa mzizi wake, hifadhi, fungua, nakili, chapisha, kila moja inakuwa na mlango wake. Ndivyo ilivyo pia kwa majina marefu yanayoanza na neno lilelile, kama vile orodha ya mitindo, orodha ya rangi, orodha ya fonti. Kiswahili hutanguliza jina kuu na kufuatisha sifa. Hiyo ni sheria ya lugha na haiwezi kuvunjwa. Lakini mtafsiri anaweza kulidondosha jina kuu pale ambapo menyu yenyewe imekwisha kulitaja, abakize mitindo, rangi, fonti.

4.0 Kiswahili katika kinywa cha kigeni

Hata istilahi bora huharibika ikitamkwa na sauti isiyoijua. Kisoma-skrini hakibuni matamshi. Huyapata kwa sauti ya lugha fulani iliyowekwa katika kompyuta. Kompyuta iliyotayarishwa kwa Kifaransa, ambayo ndiyo lugha rasmi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hukisoma Kiswahili kana kwamba ni Kifaransa kibovu. Inafaa kuyaeleza matokeo yake kwa undani, kwa sababu hayana ubahatishaji. Yanafuata kanuni, na kanuni zaweza kuhakikiwa.

Kwanza, Kifaransa huitamka s iliyo kati ya irabu mbili kama z. Kwa hiyo kasi huwa kazi, pesa huwa peza, na kiasi huwa kiazi. Pili, Kifaransa hakiitamki h, hivyo hapa huwa apa, na hama huwa ama. Tatu, ch ya Kifaransa ni sh ya Kiswahili, hivyo choka huwa shoka. Nne, e ya mwisho wa neno kwa kawaida humezwa. Kanuni hii ya nne ndiyo yenye madhara makubwa zaidi kisarufi, kwa kuwa irabu ya mwisho katika Kiswahili ndiyo hubeba dhamira. Asome na wasome hubaki bila mwisho, na ombi au agizo hupotea. Tano, irabu ikifuatwa na n au m pamoja na konsonanti nyingine, Kifaransa huitamka kwa pua na kuimeza nazali. Jina la Kinsevere lenyewe ni ushahidi. Katika Kiswahili lina silabi zinazohesabika, kila irabu ikisimama mahali pake. Katika sauti ya Kifaransa silabi ya kwanza hupita puani, irabu ya mwisho hupotea, na mkazi wa mahali hapo anaweza asilitambue jina la kwao.

Chukulia jedwali dogo la ofisi lenye safu tatu zenye vichwa Kazi, Kiasi na Muda. Anayeona hulisoma kwa nukta chache za sekunde. Asiyeona mwenye sauti ya Kifaransa husikia kazi, kiazi, na neno la tatu ambalo u yake imegeuka kuwa irabu isiyokuwapo katika Kiswahili. Huenda akacheka mara ya kwanza. Lakini kama chini ya neno hilo la pili pana fedha anazodai, kicheko hakitadumu.

Sauti ya Kiingereza, ambayo ndiyo hatari ya Nairobi na Dar es Salaam, ina makosa yake. Huyasoma pole, wake na mate kama maneno ya Kiingereza yenye silabi moja. Kwa hiyo tatizo si la Kongo peke yake, ingawa huko Kifaransa hulipa sura yake mahususi.

Dawa ipo, na sehemu yake imekuwapo kwa miaka mingi. Jonathan Duddington wa Uingereza alianza mwaka 1995 programu ya sauti ambayo baadaye ilijulikana kama eSpeak, na tangu mwaka 2015 inaendelezwa kwa jina la eSpeak NG. Miongoni mwa lugha zake nyingi kimo Kiswahili, na NVDA hutolewa ikiwa nayo ndani yake. Sauti yake ni kavu na ya kimashine, lakini hufuata kanuni za herufi za Kiswahili, na hubaki wazi hata inapoharakishwa. Mwaka 2005 watafiti wa Nairobi na wenzao waliwasilisha mfumo wao wa kusoma Kiswahili kwa sauti. Katika miaka ya karibuni Microsoft imetoa sauti laini zaidi za Kiswahili, mbili zenye alama ya Kenya na mbili zenye alama ya Tanzania. Katika hizo nne hakuna iliyopewa alama ya Kongo.

Kuwapo kwa sauti, hata hivyo, hakutoshi. Programu za kuandikia huweka alama ya lugha katika kila kipande cha andiko, alama isiyoonekana ambayo pia hutumiwa kusahihisha tahajia. Kisoma-skrini kinaweza kubadili sauti kwa kuifuata alama hiyo, mradi iwepo na mradi sauti ya lugha hiyo iwe imewekwa. Katibu anayeandika tangazo la Kiswahili na kuiacha alama ya Kifaransa haoni kosa lolote, ila mistari myekundu chini ya maneno, ambayo amekwisha kuizoea. Kosa hulisikia yule asiyeona. Mistari ile myekundu ndiyo onyo ambalo jicho hulipata bure na kulidharau.

5.0 Mapokeo ya kusoma kwa sauti katika Katanga

Katika Lubumbashi suala la maandishi yanayohitaji sauti halikuanza na kompyuta. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, historia ya mji huo kwa Kiswahili cha Katanga, akiiita Vocabulaire de ville de Elisabethville. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo, akisaidiwa na Kalundi Mango, na Walter Schicho akaongeza maelezo ya kiisimu. Tahajia ya andiko hilo haifuati kanuni moja. Maneno huungana na kutengana kwa namna inayomtatiza msomaji wa kimyakimya. Fabian alionyesha kwamba andiko hilo hufunguka linaporudishwa katika sauti: likisomwa kwa kinywa cha mtu wa Katanga, maneno yaliyoonekana kuwa vurugu hujipanga.

Kwa mhakiki wa leo somo hilo lina pande mbili. Upande wa kwanza, linaonyesha kwamba kuandika kwa ajili ya sikio ni mapokeo halali ya Kiswahili, na wala si upungufu wa waandishi ambao hawakupita shuleni. Upande wa pili, linaonyesha mpaka wa mashine. Kalundi Mango aliweza kuunganisha kilichotengana kwa sababu alikuwa na lugha hiyo kichwani. Sauti ya mashine haina. Itasoma kila kipande kama kilivyoandikwa, na nafasi iliyowekwa pasipo mahali pake itasikika kama mwanya.

Hapo ndipo mjadala wa sanifu na lahaja unapopata sura mpya. Mtu anaweza kudhani kwamba sauti iliyotengenezwa kwa Kiswahili cha Tanzania itashindwa mbele ya batu na bintu vya Katanga. Kwa sauti inayofuata kanuni za herufi, sivyo. Herufi za Kiswahili zina thamani moja karibu kila mahali, na sauti hiyo itasoma banasema kwa usahihi uleule wa wanasema, bila kujali kamusi imesemaje. Kinachoishinda ni tahajia ya Kifaransa iliyoingia ndani ya Kiswahili, kama vile ou kwa sauti ya u, au maneno ya Kifaransa yaliyoachwa bila alama ya lugha yao. Kwa hiyo anachohitaji mwandishi wa Lubumbashi ni tahajia thabiti. Hahitaji kuiacha lahaja yake ndipo asikike.

Nambari ni fungu la pekee. Wasemaji wengi wa Lubumbashi hutaja miaka na fedha kwa Kifaransa hata wanapozungumza Kiswahili. Sauti ya Kiswahili itasoma mwaka 2018 kuwa elfu mbili kumi na nane. Ni sahihi, lakini kwa sikio lililozoea hesabu za Kifaransa huchukua muda kufahamika. Katika andiko la fedha, mwandishi mwangalifu anaweza kuziandika tarakimu na kurudia kiasi hicho kwa maneno, kama ilivyo desturi katika hundi.

6.0 Waraka wa mgodi na haki ya kujisomea

Hadi hapa mjadala unaweza kuonekana kuwa wa wataalamu wa istilahi peke yao. Sivyo. Sheria ya madini ya Kongo, iliyorekebishwa kwa Sheria Na. 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, inamtaka mwenye leseni ya uchimbaji kukubaliana na jamii za eneo lake juu ya hati ya majukumu ya kijamii, na kutenga angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo kwa miradi ya maendeleo ya jamii. Hati ya namna hiyo ni zao la programu za ofisi. Ina vifungu, ina majedwali ya miradi, ina tarehe na kiasi cha fedha. Mwanajamii anayetaka kujua kama kisima kilichoahidiwa kimetengewa fedha hana budi kuisoma.

Asiyeona ataisomaje? Ikiwa hati ilichapwa, ikatiwa sahihi, kisha ikapigwa picha na kusambazwa kama picha, kisoma-skrini hakina cha kusoma, maana ndani yake hamna herufi. Ikiwa vichwa vya sehemu vimewekwa kwa kukoleza wino tu, bila mtindo wa kichwa unaotolewa na programu, msomaji hawezi kuruka kutoka sehemu hadi sehemu. Atalazimika kusikiliza kurasa zote toka mwanzo. Ikiwa jedwali limepangwa kwa nafasi tupu badala ya jedwali la kweli, nambari zitasomwa bila safu zake, na fedha za shule zitasikika kando ya kisima. Ikiwa lugha haikuwekewa alama, kiasi kitakuwa kiazi. Kila kosa kati ya haya huweza kusahihishwa na katibu mmoja kwa dakika chache, bila kununua chochote.

Sheria haikukaa kimya juu ya mtu huyu. Kongo ilijiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao katika kifungu chake cha 9 unaitaja teknolojia ya habari na mawasiliano miongoni mwa mambo yanayopaswa kufikiwa na wote. Sheria Na. 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inahusu ulinzi na uendelezaji wa haki za watu wenye ulemavu nchini humo. Katiba ya mwaka 2006 nayo inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Matini hizo zikisomwa pamoja, ni vigumu kudai kwamba mkazi asiyeona wa Kinsevere hana haki ya kuupata waraka unaomhusu katika lugha anayoielewa na kwa njia anayoiweza.

7.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba asiyeona aliyefika chuo kikuu amesomeshwa kwa Kifaransa, na kwa hiyo sauti ya Kifaransa inamtosha. Hoja hii ina ukweli kuhusu masomo yake, lakini haigusi maisha yake mengine. Mwanafunzi huyo anaporudi nyumbani ndiye ambaye mara nyingi huombwa kuandika barua za ukoo na kumbukumbu za mikutano, na hizo huzungumzwa kwa Kiswahili. Tena si kila asiyeona amefika chuo kikuu. Kumwekea sharti la kujua Kifaransa kabla ya kuisoma lugha yake mwenyewe ni kumtoza ushuru ambao jirani yake anayeona hautozwi. Aidha, tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, nyaraka za Kiswahili zina sababu mpya za kuvuka mpaka, na msomaji wa Lubumbashi asiachwe nje yake.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Husemwa kwamba katika jamii zetu asiyeona hakosi mtu wa kumsomea: mtoto, jirani, au katibu wa mtaa. Ni kweli, na desturi hiyo ni ya heshima. Lakini anayesomewa hupata kile ambacho msomaji wake ameamua kukisoma. Barua ya mshahara, majibu ya hospitali, shauri la kiwanja au hati ya fidia hupita kwanza katika macho ya mtu mwingine kabla ya kumfikia mwenyewe. Mtoto atayajua madeni ya baba yake, na jirani ataijua siri ya nyumba isiyo yake. Kisoma-skrini hakiondoi wema wa watu. Kinachokiondoa ni ulazima wa kuutegemea katika mambo ambayo mtu mzima angependa kuyajua peke yake. Kwa sababu hiyo ubora wa Kiswahili kinachosomwa na mashine ni suala la heshima ya mtu kabla ya kuwa suala la teknolojia.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kiswahili cha programu za ofisi hakijahakikiwa vya kutosha kwa sikio, na kwamba msomaji asiyeona ndiye anayelipa gharama ya upungufu huo. Yameonyesha pia kwamba makosa mengi si ya mashine. Mengine ni ya waunda istilahi, waliokaribisha jozi kama funga na fungua bila kuzisikiliza, na mengine ni ya waandishi wa kila siku, wanaouacha waraka wa Kiswahili uvae alama ya lugha nyingine.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa kwa idara za Kiswahili, kuanzia Lubumbashi hadi pwani. Kwanza, kigezo cha kusikika kiongezwe katika vigezo vya kuundia istilahi, na kila orodha mpya isikilizwe kwa sauti ya mashine, kwa kasi, na watumiaji wasioona wakiwa miongoni mwa waamuzi. Pili, somo la uandishi wa nyaraka lijumuishe alama ya lugha, mitindo ya vichwa, majedwali ya kweli na maelezo ya picha, kama linavyojumuisha tahajia na vituo. Tatu, Kiswahili cha Katanga kirekodiwe na kufanyiwa utafiti kwa lengo la kukipatia sauti yake, ili msikilizaji wa Kinsevere asilazimike kuchagua kati ya sauti ya Kifaransa na sauti ya nchi jirani.

Zoezi la kuanzia ni jepesi, na mwanafunzi yeyote anaweza kulifanya. Achukue waraka mmoja wa Kiswahili wa ofisi yake, awashe kisoma-skrini, aizime skrini, kisha ajaribu kupata kutoka katika waraka huo tarehe moja na kiasi kimoja cha fedha. Akishindwa, atajua kwamba waraka huo bado haujamfikia kila uliyeandikwa kwa ajili yake, hata kama tahajia yake haina dosari.